Utafiti wa Pamoja Mlimani na Mipango ya Taifa: Nani Anauliza, Nani Anajibiwa?

Nchi inayoongoza uchumi wake kwa mipango haiwezi kulikwepa suala la maarifa. Mpango ni uamuzi, na kila uamuzi hutegemea habari: ardhi ikoje, maji yako wapi, watu wanakula nini, nani anafanya kazi na nani anafaidi jasho la kazi hiyo. Habari hizo hazianguki kutoka mbinguni. Hukusanywa na watu, kwa njia fulani, kwa faida ya watu fulani. Kwa hiyo historia ya utafiti katika nchi yetu ni sehemu ya historia ya mapambano ya kuamua nani atapanga maisha ya mkulima na mfanyakazi. Haiwezi kuachwa iwe hadithi ya maprofesa na makabrasha yao tu.

Katika makala haya tunachunguza upande mmoja wa historia hiyo, nao ni vikundi vya utafiti vilivyowakusanya watu wa taaluma mbalimbali katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mazingira yake, ili kuisaidia nchi kuamua mambo ya umma. Tunaanzia mwaka 1967 na kuishia kwenye Tume ya Ardhi ya mwaka 1991 hadi 1992. Hoja yetu ni kwamba kuzikutanisha taaluma ni jambo jema na la lazima, lakini halitoshi. Thamani ya kila kikundi ilitegemea mambo mawili: swali lilitoka kwa nani, na jibu lilirudishwa kwa nani.

Urithi tulioupokea

Kabla ya kuizungumzia Mlimani, yafaa tukumbuke jinsi wakoloni walivyopanga. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikihangaikia upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilituma ujumbe kuja kutazama kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi katika Tanganyika na nchi jirani. Wajumbe walikaa wiki chache, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka ndani ya ndege. Juu ya msingi huo ulijengwa mpango mkubwa wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta yakaletwa, reli ikajengwa kusini, na bandari ya Mtwara ikachimbwa. Wakati wa kiangazi udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji, na mvua haikunyesha kama makaratasi yalivyotaka. Mwezi Januari 1951 mpango ukafutwa, baada ya kuteketeza paundi za Kiingereza kiasi cha milioni 36.

Mara nyingi mkasa huo husimuliwa kama kichekesho. Sisi tunauona kuwa fundisho la nadharia. Waingereza hawakukosa wataalamu. Walikuwa na mabwana shamba, wahandisi na watu wa fedha. Kwanza, walikosa chombo cha kuwakutanisha wataalamu hao wapimane hoja kabla ya uamuzi kupitishwa. Pili, elimu ya Wagogo, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wamejifunza kuishi na mvua haba ya nchi yao, haikuhesabiwa kuwa elimu. Hizi ni kasoro mbili tofauti. Ya kwanza ni utengano wa taaluma na taaluma. Ya pili ni utengano wa mtaalamu na mwananchi. Ya kwanza yaweza kutibiwa ndani ya kuta za chuo. Ya pili haiwezi.

Chuo Kikuu chenyewe kilifunguliwa mwezi Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na kati ya mwaka 1963 na 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Pamoja na majengo mapya, kilirithi mpangilio wa vyuo vya Uingereza: kila idara na mlango wake, kila mwalimu na shamba lake. Lakini shida ya mkulima haitambui mipaka ya idara. Mtoto wa kijijini anayeharisha anaharisha kwa sababu ya maji. Maji ni machache kwa sababu kisima kiko mbali. Mama hawezi kwenda kisimani mara ya pili kwa sababu jembe linamngoja. Na jembe linamngoja kwa sababu fedha za zao la biashara haziko mikononi mwake. Daktari ataona kipande kimoja, mhandisi kingine, mchumi kingine. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na methali hiyo yatosha kuwa msingi wa utafiti wa pamoja.

Azimio la Arusha lapanda Mlimani

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Zaidi ya wanafunzi 300 walirudishwa makwao. Tukio hilo liliweka mezani swali ambalo lilikuwa limefunikwa kwa adabu: chuo hiki ni cha nani, na kinamtumikia nani? Miezi michache baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Kabla ya majuma sita kupita, kuanzia tarehe 11 hadi 13 Machi 1967, ulifanyika Mlimani mkutano wa kujadili wajibu wa Chuo Kikuu katika Tanzania ya kijamaa.

Katika mjadala wa wakati huo zilijitokeza fikra mbili. Baadhi ya walimu walitaka masomo yapangwe upya kufuata matatizo ya nchi, na kuta za idara zibomolewe au zipunguzwe. Wengine waliona kwamba kufanya hivyo kungeshusha kiwango cha elimu na kuwaacha vijana wakiwa na nusu ya kila kitu. Matokeo yalikuwa suluhu ya katikati. Idara zilibaki, lakini likaanzishwa somo la pamoja la uchambuzi wa jamii, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, ambayo somo lake liliwahusu wanafunzi wa vitivo vyote, wakiwemo wa tiba, sheria na uhandisi.

Upande wa utafiti, Ofisi ya Utafiti wa Uchumi ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1965. Mwaka 1967 ikaongezwa ofisi ya kuchunguza rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha Kiingereza, BRALUP. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa mwanajiografia Leonard Berry, na baadaye iliongozwa kwa miaka mingi na Adolfo Mascarenhas. Jambo jipya katika BRALUP lilikuwa kwamba haikuwa idara ya kufundisha somo moja. Wanajiografia, wachumi, watu wa maji na ardhi, na wachunguzi wa jamii walikaa chini ya paa moja, na kazi zao zilianza na tatizo la nchi: maji, makazi, mabonde, chakula. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, UTAFITI, na tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikajitegemea. Kwa maneno mengine, katika muda wa miaka michache nchi ilikuwa imejipatia vyombo. Suala lililobaki ni jinsi vyombo hivyo vingetumika.

Maji: jibu lililotangulia swali

Mfano wa kwanza unatoka katika utafiti uliovuka mipaka ya nchi tatu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 mwanajiografia Gilbert White na mkewe Anne White, pamoja na daktari David Bradley aliyekuwa Makerere, walichunguza matumizi ya maji ya nyumbani katika sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ndio waliokwenda majumbani kuhoji na kupima. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Drawers of Water, kilitolewa mwaka 1972.

Kazi hiyo ilionyesha nguvu ya taaluma mbili zinapokaa meza moja. Kabla yake ilikuwa kawaida kuyaita maradhi mengi kwa jumla “maradhi ya maji machafu” na kutafuta dawa moja, yaani kuyasafisha maji. Utafiti ule uliyagawa maradhi hayo katika mafungu manne: yale yanayoenezwa kwa kunywa maji yenye vijidudu, yale yanayotokana na maji kuwa machache kiasi kwamba watu hawawezi kunawa, kama upele na trakoma, yale ambayo vijidudu vyake hupitia katika viumbe wa majini, kama kichocho na konokono wake, na yale yanayoletwa na wadudu wanaozaliana au kuuma karibu na maji, kama malaria. Maana yake kwa mpangaji ilikuwa kubwa. Kwa fungu la pili, wingi wa maji unaomfikia mama nyumbani una uzito mkubwa kuliko usafi wake. Tena watafiti waligundua kwamba mama anayechota maji hachoti ovyo. Anapima umbali, ladha, msimu, foleni na matumizi, kisha anachagua. Yaani yeye mwenyewe ni mpangaji.

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kwa lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi na ya kutosha ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka huohuo BRALUP iliitisha Dar es Salaam mkutano juu ya maji vijijini katika Afrika Mashariki. Lengo lilikuwa la haki na la kijasiri; nchi chache maskini zilithubutu kulitamka. Lakini utekelezaji uligawanywa kimkoa miongoni mwa nchi wafadhili: Wafini walikuwa Mtwara na Lindi, Wadenishi Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wanorwe Rukwa na Kigoma, Waswidi mikoa ya Ziwa, Waholanzi Shinyanga na Morogoro. Kila mmoja alikuja na wataalamu wake, na mara nyingi na pampu zake pia. Mafuta ya dizeli yalipoadimika na vipuri vilipokosekana, pampu nyingi zilinyamaza. Mwaka 1991 ulipofika, chini ya nusu ya watu wa vijijini walikuwa na maji kama ilivyokusudiwa.

Wapo watakaosema kwamba sababu ilikuwa umaskini na bei ya mafuta duniani. Sababu hizo ni za kweli, nasi hatuzikatai. Lakini yapo pia yaliyokuwa ndani ya uwezo wetu. Elimu kwamba mama ni mpangaji ilikuwa imechapishwa tangu mwaka 1972. Katika vijiji vingi chanzo cha maji na aina ya mtambo viliamuliwa kabla ya yeye kuulizwa. Jibu lilikuwa tayari kabla ya swali. Watafiti waliporudi katika sehemu zilezile mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuta kwamba nyumba zenye bomba zilikuwa zikitumia karibu nusu tu ya maji ambayo kila mtu alitumia miaka thelathini kabla. Bomba lilikuwapo, maji ndiyo yaliyokosekana. Hesabu ya mabomba peke yake isingelionyesha jambo hilo.

Moshi: njaa katika mkoa wa neema

Mfano wa pili ni mfupi, lakini una uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mkoa wa Kilimanjaro ulihesabiwa kuwa miongoni mwa mikoa yenye neema kuliko yote nchini. Ulikuwa na kahawa, shule, barabara, na tangu mwaka 1971 hospitali ya KCMC. Hata hivyo hospitalini hapo waliletwa watoto wenye utapiamlo. Kwa macho ya tiba peke yake ungonjwa huo ulikuwa upungufu wa chakula chenye protini, na dawa yake ilikuwa maziwa na mafunzo kwa akina mama.

Mwaka 1975 BRALUP ilitoa taarifa ya utafiti juu ya sababu za kijamii na kiuchumi za utapiamlo katika Wilaya ya Moshi, ulioongozwa na Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyefanya kazi Mlimani kati ya mwaka 1972 na 1975. Watafiti waliwafuata watoto hadi majumbani mwao. Huko walikuta mambo ambayo mizani ya kliniki haikuweza kuyapima. Vihamba vilikuwa vimegawanywa kwa warithi hadi vikawa vidogo mno. Mgomba na kahawa viligombania ardhi ileile. Fedha za kahawa zilipokelewa na baba, na kazi nyingi ya shamba na nyumba ilibebwa na mama. Ndoa zilizovunjika, na wanaume waliokwenda mbali kutafuta kazi, ziliwaacha wanawake bila ardhi na bila fedha.

Hapa tunaona jambo la msingi kwa kila mjamaa. Takwimu ya mkoa ilisema “neema”, kwa sababu wastani hauoni tabaka wala hauoni jinsia. Mkoa unaweza kutajirika huku mtoto wa nyumba fulani akidhoofika, na sababu zote mbili zikatoka katika mti mmoja wa kahawa. Daktari hakukosea kuhusu mwili wa mtoto. Bila mchunguzi wa jamii, bila mchumi, na zaidi bila mama mwenyewe kueleza siku yake inavyokwenda tangu alfajiri hadi usiku, dawa ya kweli isingeweza hata kutajwa.

Mtu ni Afya na Jipemoyo

Mwaka 1973 nchi ilishuhudia kazi ya pamoja ya aina nyingine. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo hadi mwaka 1975 ilikuwa chini ya Chuo Kikuu, ilishirikiana na Wizara ya Afya, Radio na TANU kuendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vidogo, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, kisha wakaamua wenyewe hatua za kuchukua. Viongozi wa vikundi, makumi ya maelfu kwa idadi, walifundishwa kwa ngazi kutoka taifa hadi kijiji. Vyoo vilichimbwa, majani yakafyekwa, madimbwi yakafukiwa.

Kampeni hiyo ilifaulu kwa nini? Tunaona sababu tatu. Kwanza, madaktari, walimu, watangazaji na viongozi wa Chama waliipanga pamoja tangu mwanzo. Hakuna aliyeletewa kazi iliyokwisha kukatwa na kushonwa. Pili, ilifanywa kwa Kiswahili kuanzia mstari wa kwanza wa mpango hadi kikao cha mwisho cha kikundi. Tatu, uamuzi wa mwisho ulibaki kwa wale ambao wangeutekeleza. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umekwisha kudai kwamba wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Mtu ni Afya ulikuwa Mwongozo katika vitendo.

Kutoka mazingira hayohayo ulizuka utafiti wa kushirikisha, ambao Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa mojawapo ya vitovu vyake duniani. Kati ya mwaka 1975 na mwisho wa muongo ule, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana na Akademia ya Finland ziliendesha mradi wa Jipemoyo magharibi mwa Wilaya ya Bagamoyo. Watafiti wa utamaduni, ufundi wa jadi, muziki, historia na ufugaji waliishi vijijini, na wanavijiji walihesabiwa kuwa watafiti wenzao. Jambo la kukumbukwa zaidi lilihusu wafugaji wa Kiparakuyo. Katika mipango ya wilaya wafugaji walikuwa wakitajwa kama tatizo. Katika mikutano iliyoitishwa kwa msaada wa watafiti, wafugaji walikaa na maofisa ana kwa ana, wakaeleza mahitaji yao ya malisho, maji na majosho. Waliokuwa wakichunguzwa wakawa wanaouliza.

Utafiti ulipowekwa kando

Itakuwa si haki kuisimulia historia hii kama mfululizo wa ushindi. Katika maamuzi makubwa kuliko yote ya muongo ule, vikundi vya Mlimani viliitwa kwa nadra, au viliitwa baada ya mambo kwisha.

Mwaka 1972 utawala wa nchi ulipangwa upya kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Mshauri mkuu wa mpango huo alikuwa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Mwaka huohuo Mlimani palikuwa na watu waliokuwa wakiyasoma mambo ya wilaya zetu mwaka baada ya mwaka. Kisha tarehe 6 Novemba 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa, na zaidi ya vijiji 7,000 vikaandikishwa. Shule na zahanati zilipata mahali pa kujengwa, na faida hiyo haifichiki. Lakini baadhi ya vijiji vilipangwa kando ya barabara, mbali na mashamba, kwenye udongo uliochoka au pasipo maji ya kutosha. Ramani za udongo, mvua na maji zilikuwapo. Operesheni ilikuwa na tarehe ya mwisho, na ofisa wa wilaya alipimwa kwa idadi ya kaya alizohamisha, hakupimwa kwa rutuba ya mahali alipozipeleka.

Lawama haiko upande mmoja. Taarifa nyingi za Mlimani ziliandikwa kwa Kiingereza, zikachapishwa kwa nakala chache, zikapelekwa wizarani na katika maktaba za Ulaya. Kamati ya Halmashauri ya Kijiji, ambayo ndiyo ingezihitaji zaidi, haikuzipata. Na kama ingezipata isingezielewa. Tukumbuke kwamba Bunge na Chama vilikuwa vikijadiliana kwa Kiswahili. Mtafiti anayechunguza kijiji kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza, kisha akashangaa kwamba hasikilizwi, amejijengea ukuta yeye mwenyewe.

Warsha, ushauri na Tume ya Ardhi

Miaka ya 1980 ilibadili hali. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 hadi 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na kuporomoka kwa bei ya mazao, nchi ilijikuta mbele ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na makubaliano yakafikiwa mwaka 1986. Wachumi wa Mlimani walianza kuitisha warsha za sera za uchumi, ambamo walitofautiana wazi kuhusu thamani ya shilingi, ruzuku na biashara huria. Tofauti hizo zilikuwa afya. Ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Mshahara wa mwalimu ulikuwa hautoshi hata juma moja. Wengine wakafuga kuku, wengine wakaanza kuandika taarifa za ushauri kwa mashirika ya nje. Katika kazi ya ushauri, mwenye fedha ndiye huandika swali, huweka tarehe, na huchukua jibu. Kikundi kinaweza kuwa na mchumi, mwanasheria na mhandisi, na bado kikawa hakina mwananchi hata mmoja anayekidai chochote.

Wakati huohuo vyombo viliachana. Kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Tiba ya Muhimbili ikafuata njia yake katika miaka ya 1990. BRALUP iligeuzwa mwaka 1983 kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, na nafasi ya UTAFITI ikachukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa sheria ya mwaka 1986. Kila hatua ilikuwa na sababu zake za msingi. Hata hivyo tangu hapo, kumkutanisha daktari, bwana shamba na mwanasheria kulihitaji barua, gari na bajeti, pale ambapo zamani palihitaji kuvuka uwanja au kutumia kamati ya chuo kimoja.

Katika hali hiyo, Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi ilikuwa kama pumzi mpya. Iliteuliwa mwezi Januari 1991 chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji wa kitivo cha sheria, Mlimani. Haikuwa chombo cha chuo, lakini ilibeba njia ya kazi iliyokuzwa Mlimani kwa miaka ishirini na zaidi. Ilizunguka mikoa yote ya Tanzania Bara, ikafanya mikutano zaidi ya 270 ya hadhara, na makumi ya maelfu ya wananchi wakahudhuria na kueleza migogoro yao: mashamba yaliyochukuliwa, mipaka iliyovunjwa na operesheni, wafugaji na wakulima, wajane na warithi. Taarifa yake ilikabidhiwa mwezi Novemba 1992. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kwamba miliki ya msingi ya ardhi iondolewe mikononi mwa dola ya utendaji, na ardhi ya vijiji iwe chini ya Mikutano Mikuu ya vijiji.

Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ililikataa pendekezo hilo. Ardhi yote ikabaki ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mswada wa sheria uliandaliwa kwa kumtegemea mtaalamu kutoka Uingereza, Patrick McAuslan, na mwaka 1999 zikapitishwa Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5. Serikali ina haki ya kukataa pendekezo la tume. Hakuna katiba inayoitaka itii watafiti. Zaidi ya hayo, hoja ya kuilinda ardhi isiwe bidhaa ya kununuliwa na wenye fedha haikuwa hoja ya kubeza. Lakini maelfu waliosema katika mikutano ile walistahili kuelezwa palepale waliposemea kwa nini maneno yao yalipimwa yakaonekana mepesi. Swali lilitoka kwa wananchi. Jibu halikurudishwa kwao.

Mafunzo

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa mafunzo manne, ambayo tunayaona kuwa vipimo vya kikundi chochote cha utafiti kinachodai kufanya kazi kwa ajili ya umma.

Kwanza, swali litungwe pamoja na wale ambao jibu litawagusa. Kikundi kinachoanza na hadidu za rejea zilizoandikwa mbali kitakuwa hodari wa kujibu lisiloulizwa.

Pili, taaluma zikutane mwanzoni mwa kazi. Kuongeza sura ya mchunguzi wa jamii mwishoni mwa taarifa ya mhandisi ni kupaka rangi nyumba iliyokwisha kupinda.

Tatu, taarifa iandikwe kwa Kiswahili na isomwe kijijini kabla haijafungwa. Kisingizio cha uhaba wa maneno kilikwisha zamani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi ya istilahi imeendelea tangu hapo.

Nne, uamuzi ukiwa tofauti na matokeo ya utafiti, sababu zitolewe hadharani. Kiongozi anayeeleza sababu hapungukiwi na madaraka. Anayenyamaza huwafundisha wananchi wasiseme tena watakapoulizwa mara nyingine, na hasara hiyo haipimiki kwa fedha.

Vipimo hivi vina gharama. Vinataka fedha za umma, kwa sababu fedha ya mgeni huja na swali la mgeni. Vinataka muda, na muda ndio ambao operesheni na mwaka wa bajeti haviupendi. Lakini historia imekwisha kutuonyesha gharama ya njia nyingine: karanga za Kongwa, pampu zilizonyamaza, vijiji vilivyopangwa bila maji. Taifa lililolipa ada kubwa kiasi hicho halina budi kukumbuka somo lililofundishwa. Wataalamu wakusanyike, na wakusanyike kwa wingi na kwa taaluma zote. Na katika kila kikao chao uwepo mkeka wa mwenye shida, naye akae, aulize, asubiri jibu, na alipate kwa lugha yake.